Nilinyamaza kuhusu spesa za gari letu, hadi tulipofika Chimala

"Mama, nani anagonga?"

Mwanangu Junior ana miaka minne, na yeye ndiye aliyesikia wa kwanza. Tulikuwa tumeipita Igurusi, tukitoka Mbeya kwenda Iringa kula Krismasi kwa mama mkwe. Nyuma ya pikapu tulikuwa na magunia matano ya viazi, mikungu miwili ya ndizi za Tukuyu na mfuko wa mchele wa Kyela. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mimi pembeni yake, na kiti cha nyuma walikaa Junior na wifi yangu anayesoma kidato cha tatu.

Nikamwambia Junior hakuna anayegonga, alale. Lakini na mimi nilisikia. Ko, ko, ko, chini ya miguu yangu, upande wa kushoto. Baba Junior akipunguza mwendo, sauti inapungua. Akikanyaga mafuta, inarudi.

"Ni barabara tu," akasema kabla sijamuuliza.

Sikujibu. Nilijua kuna kitu, maana usukani ulikuwa ukitetemeka kwa wiki mbili nzima na nilikuwa nauona. Nilinyamaza kwa sababu moja ambayo leo naona aibu kuiandika: nilijiambia mambo ya gari ni ya wanaume.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali. Mzazi akiniambia amempa mtoto dawa aliyonunua dukani, namuuliza: dozi gani, kwa siku ngapi, nani amekuandikia? Akinijibu "mwenye duka amesema", huwa naandika aya nzima kuwaonya wasomaji. Lakini mume wangu aliporudi nyumbani na magurudumu yametokeza nje akasema "fundi amesema haina shida", nilimwandalia chakula tukala.

Jinsi spesa zilivyoingia kwetu

Pikapu yetu ni Hilux ya dabo kebini, si mpya. Ndiyo inayotulisha. Mume wangu ananunua viazi kwa wakulima wa milimani na kuvileta sokoni Uyole, na barabara za huko mvua ikinyesha mnazifahamu. Mwaka jana alipata tairi pana kuliko za mwanzo, kwa bei nzuri, akazifunga. Tatizo likaanza siku hiyo hiyo: akikata kona mpaka mwisho, tairi ya mbele inasugua ndani.

Akaenda gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi akamwambia dawa yake ni spesa. Ni kipande cha chuma au aluminiamu kinachowekwa kati ya habu na rimu ili gurudumu lisogee nje. Alifungiwa nne, kila moja ina unene wa milimita 30. Tairi zikaacha kusugua, na gari likasimama kwa kutanuka kama la mashindano. Vijana wa mtaani wakamsifia. Nami, niseme ukweli, niliona limependeza.

Ninachojua sasa ni kwamba spesa ziko za aina mbili kubwa, na mzazi yeyote anayepanda gari lenye spesa anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni sahani bapa yenye matundu. Inachomekwa kwenye boliti zile zile za gari, kisha rimu inafuata, kisha nati. Ubaya wake ni kwamba inakula urefu wa boliti. Ukiweka sahani ya milimita 10, nati inapoteza milimita 10 za kushikia. Kanuni ya kawaida ya ufundi ni kwamba nati ishike boliti kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Hilux nyingi zina boliti sita za milimita 12 kwa kila gurudumu, na uzi wake unapanda milimita moja na nusu kwa kila mzunguko. Kwa hiyo nati ikianza kushika, iweze kuzungushwa kama mara nane kamili kabla haijakaza. Ikikaza baada ya mara tatu au nne, gurudumu limeshikwa na ncha tu.

Ya pili ni nene zaidi na ina boliti zake. Yenyewe inafungwa kwenye habu kwa nati za ndani, kisha rimu inafungwa kwenye spesa kwa nati za nje. Hii haili urefu wa boliti za gari, na ndiyo wengi wanayoiita salama. Ndiyo tuliyokuwa nayo sisi. Lakini ina siri moja: ukishafunga gurudumu, nati za ndani huzioni tena. Unaweza kukaza za nje kila asubuhi huku za ndani zinalegea, na usijue lolote.

Tuliposhuka Chimala

Baada ya Junior kuuliza mara ya pili, Baba Junior alisimama pembeni ya barabara. Akatoa spana ya magurudumu, akazikaza nati moja moja, zote sita za upande ule. Hata moja haikusogea. Akarudi ndani akiwa ameridhika.

"Umeona? Zimekaza zote."

Tukaendelea. Kilomita chache mbele sauti ikarudi, safari hii na mtetemeko uliofika hadi kwenye kiti changu. Lori lilikuwa nyuma yetu, jingine linakuja mbele. Nikageuka kumtazama Junior. Alikuwa amelala, kichwa kwenye mapaja ya shangazi yake, hana mkanda. Hilo nalo lilikuwa kosa langu, si la fundi.

Nikakumbuka wodi ya majeruhi niliyoitembelea nikiandika habari za ajali. Kulikuwa na mtoto wa darasa la kwanza, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, ananiuliza kama nimekuja na baba yake. Baba yake alikuwa wodi nyingine. Ile habari niliijaza takwimu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Niliiandika sentensi hiyo, ikachapishwa, halafu nikapanda gari linalogonga.

"Baba Junior," nikasema, "tukifika Chimala mimi na mtoto tunashuka."

Hakunijibu. Alikaza taya kama anavyofanya akiudhika. Mbele ya dada yake, maneno yale yalikuwa mazito, nami nilijua. Lakini alipunguza mwendo, akawasha taa za hatari, tukaingia Chimala taratibu kama tunasindikiza jeneza.

Pembeni ya barabara tulimkuta mzee mmoja anayetengeneza malori. Hakuuliza mengi. Alichuchumaa, akalitazama gurudumu, akashika juu na chini akalitikisa.

"Hapa kuna spesa?"

Mume wangu akasema ipo.

"Nani amekaza za ndani, na lini?"

Kimya. Tangu zifungwe, karibu miezi mitatu, hakuna aliyezigusa.

Mzee akapiga jeki, akafungua nati za nje, akatoa gurudumu. Nilisogea kuangalia. Nati mbili za ndani alizizungusha kwa vidole vyake, kama unavyofungua chupa ya maji. Boliti moja ilikuwa imekatika kabisa, kichwa chake kimebaki kwenye tundu. Matundu mawili ya spesa hayakuwa ya mviringo tena, yamelika yakawa kama yai. Kati ya spesa na habu palikuwa na kutu na udongo mkavu uliosagika kuwa unga mwekundu.

"Tungefika Makambako?" mume wangu akauliza.

Mzee akapangusa mikono. "Labda mngefika. Mimi nisingepanda."

Tulikaa pale mpaka saa saba mchana. Kijana wake alikwenda kutafuta boliti mpya, spesa zote nne zikatolewa, habu zikasuguliwa, magurudumu yakarudishwa yakiwa yamekaa moja kwa moja kwenye gari. Tairi zilianza tena kusugua kwenye kona kali, lakini mzee alisema tukate kona taratibu na tukifika tubadilishe tairi. Tulikula wali maharage kwa mama ntilie, Junior akicheza na nati za zamani kwenye kopo. Mume wangu hakusema neno mpaka tulipoipita Mafinga.

"Ningewaua," akasema.

Nikamwambia tungekufa wote, na kwamba mimi pia niliuona usukani unatetemeka. Tulifika Iringa jua linazama. Mama mkwe alikuwa nje anatusubiri na khanga begani. "Kamwene," akasema, akatuhesabu kwa macho mmoja mmoja kama anavyofanya siku zote. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwa nini anatuhesabu.

Je, spesa ni salama?

Baada ya sikukuu nilifanya nilichopaswa kufanya kabla. Niliwauliza mafundi watatu, wawili wa Mbeya na mmoja wa Iringa, pamoja na mwalimu wa ufundi wa magari. Nikasoma. Hawakukubaliana kwa yote, na sitaki kumwogopesha mtu bure. Jibu la haki ni hili: spesa si sumu kwa kila gari. Iliyotengenezwa vizuri, ya kipimo cha gari husika, ikafungwa na anayejua na ikakaguliwa mara kwa mara, inaweza kutembea miaka bila tatizo. Ujerumani, kwa mfano, zinaruhusiwa zikiwa na cheti cha ubora na gari likishakaguliwa baada ya kufungwa. Lakini Australia, mwongozo wao wa kitaifa wa marekebisho ya magari hauzikubali, isipokuwa kama gari lilitoka nazo kiwandani.

Kwa nini watu wanatofautiana? Chukua ndoo ya maji ya lita 20. Ibebe karibu na mguu wako, utafika nayo nyumbani. Sasa nyoosha mkono mbali na mwili, ubebe ndoo ile ile. Uzito ni ule ule, lakini bega litalia. Gurudumu likisogezwa nje, beringi na boliti ndizo bega. Kila shimo, kila tuta, kila gunia nyuma, vinavuta kwa nguvu kubwa kuliko mtengenezaji wa gari alivyopanga. Usukani nao unaanza kuvutwa zaidi gurudumu moja likiingia kwenye shimo.

Wapo wanaosema gari likitanuka linatulia zaidi kwenye kona. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini pikapu iliyopakiwa magunia hadi juu ya kebini itayumba hata ukiitanua, kwa sababu tatizo ni urefu wa mzigo na mwendo. Faida ndogo ya spesa hailipi hilo.

Mwalimu yule aliniuliza swali ambalo lilinimaliza: "Gari linabeba nini, linapita wapi, na ndani kuna nani?" Gari la kijana anayeenda kazini mjini kwenye lami, peke yake, ni jambo moja. Pikapu inayobeba viazi kwenye makorongo, ikarudi kwenye lami yenye malori, ikashuka miteremko ya Mlima Nyoka au Kitonga na watoto ndani, ni jambo jingine. Kwa gari letu mimi jibu langu ni hapana. Si kwamba haiwezekani kuzitunza. Zinahitaji utunzaji ambao sisi, kwa maisha yetu, hatukuufanya hata mara moja.

Na tatizo lililotupeleka kwenye spesa lilikuwa na dawa rahisi. Kwenye magari mengi, ukifungua mlango wa dereva utaona kibandiko kinachoonyesha saizi ya tairi na upepo wake. Mume wangu aliuza zile tairi pana, akanunua za saizi ya gari. Hakuna kinachosugua. Kama mtu anataka kweli gurudumu litoke nje kidogo, mafundi wote waliniambia bora kununua rimu iliyotengenezwa hivyo kwa gari lake kuliko kuongeza kipande katikati. Beringi itaendelea kubeba mzigo wa ziada, lakini angalau hakuna nati zilizojificha.

Maswali ya kumuuliza fundi, au mume, au mke

Kama gari lenu tayari lina spesa, au mnafikiria kuziweka, haya ndiyo maswali ambayo natamani ningeyauliza:

1. Ni ya aina gani? Kama ni sahani bapa, nati inazunguka mara ngapi kabla ya kukaza? Kama ina boliti zake, je, boliti za gari zinatokeza kupita uso wa spesa? Zikitokeza na rimu haina nafasi ya kuzimeza, rimu haitakaa sawasawa, hata ukikaza mpaka spana ikunje.

2. Ni ya gari hili kweli? Kuwa na matundu sita hakutoshi. Hilux nyingi boliti zake ziko kwenye mduara wa milimita 139.7, na tundu la katikati nalo linatakiwa likae kwenye habu bila kucheza. Tundu likiwa kubwa, gurudumu linashikwa na boliti peke yake, na ndipo mtetemeko unapoanzia.

3. Habu ilisafishwa? Kutu, rangi nene au udongo ukibaki katikati, nati itaonekana imekaza leo, kesho uchafu ukisagika inalegea.

4. Ilikazwa kwa kipimo gani? Kila gari lina kipimo chake kwenye kitabu chake, na kuna spana maalumu ya kupimia. Kuruka juu ya spana kwa miguu si kipimo. Kukaza kupita kiasi kunavuta boliti na kuichosha, nayo hukatika baadaye.

5. Lini zilikaguliwa za ndani? Baada ya kufunga, rudi ukaze upya ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Kisha kila mara kabla ya safari ndefu, gurudumu litolewe, za ndani zishikwe kwa spana.

6. Kampuni ya bima inajua? Soma mkataba wenu au waulize. Gari lililobadilishwa bila wao kuambiwa linaweza kuleta ubishi siku ya kudai.

Na dalili msizipuuze: usukani unaotetemeka, sauti inayogonga kwa kufuata mwendo wa gurudumu, gari kuvuta upande mmoja, mstari wa kutu unaotoka kwenye nati. Ukiona mojawapo, simameni mahali salama. Kukaza nati za nje na kuendelea na safari, kama tulivyofanya sisi, hakumsaidii mtu.

Kuuliza si kudharau

Akina mama wenzangu, nimepokea maswali mengi kwa miaka hii kuhusu chanjo, homa na lishe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu gari linalompeleka mtoto kliniki. Tunaogopa kuonekana tunaingilia. Nilifikiri nikimuuliza mume wangu kuhusu gari lake nitakuwa nimemwambia hajui kazi. Kumbe na yeye, aliniambia baadaye, alikuwa na wasiwasi na ule mtetemeko. Alinyamaza asije akaonekana amepoteza pesa za watoto, maana spesa zile zilimgharimu laki tatu. Wote wawili tulikuwa tunalinda heshima, na mtoto amelala nyuma bila mkanda.

Kwa akina baba, naandika haya kwa ruhusa ya mume wangu. Aliisoma makala yote. Alichoomba ni kwamba gereji isitajwe, na kwamba niandike kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyezipeleka spesa zile kwa mnunuzi wa chuma chakavu, hakumuuzia mtu mwingine azifunge. Nimeandika.

Pasaka tulikwenda tena Iringa. Siku moja kabla ya safari, Baba Junior alitoa magurudumu yote manne, akakaza kwa spana ya kipimo aliyoazima, kisha akachora mstari mdogo wa rangi nyeupe kwenye kila nati kuvuka hadi kwenye rimu. Nati ikisogea, mstari unakatika na unauona ukiwa umesimama. Tulipopumzika Makambako, Junior alishuka akazunguka gari na baba yake, wanahesabu mistari: moja, mbili, mpaka sita, wanahamia gurudumu la pili. Kisha akapanda, akakaa kiti chake, na safari hii ni yeye aliyeniuliza kama nimefunga mkanda.